Joka Lisilo na Ndugu

Tuanze na manyoya. Majoka ya hadithi huwa na magamba, na gamba huuonya mkono usikaribie. Elliot, joka la filamu ya Pete's Dragon ya mwaka 2016, amefunikwa manyoya ya kijani kuanzia puani hadi mkiani. Sisi tulioketi hatujajua bado kama mnyama huyu ni mwema au mbaya, lakini manyoya yamekwisha kutuambia kwamba huyu ni wa kukumbatiwa. Katika filamu ya kwanza yenye jina hilo, ya mwaka 1977, joka lilichorwa kwa mkono juu ya picha za waigizaji, na kila mtoto alipompapasa rafiki yake uliona wazi kwamba anapapasa hewa. Mwongozaji David Lowery na mafundi wa Weta Digital, kule Nyuzilandi filamu ilikopigwa, waliutatua ugumu huo. Vidole vya mtoto Pete vinazama kwenye manyoya, na jicho linasadiki.

Hapa Bukavu tunaiona kwa Kifaransa, kwa jina la Peter et Elliott le dragon. Mimi nimeiona mara tatu, mbili kati ya hizo kwa kulazimishwa na wapwa zangu, na dakika zake za mwanzo sijazichoka. Mtoto yuko kiti cha nyuma cha gari, anasoma kitabu kuhusu mbwa mdogo aliyepotea. Paa anakatiza barabara. Gari linapinduka, lakini hatulitazami kwa nje: kamera imebaki ndani pamoja na mtoto, kila kitu kinakwenda polepole kana kwamba tumezama majini, na wazazi wanakufa bila kuonyeshwa. Pete anatoka, anaingia msituni, mbwa mwitu wanamfuata, kisha kitu kikubwa kinawatimua. Anatazama juu na kuuliza kama ataliwa.

Swali hilo ndilo lango la hadithi, na Lowery analifunga upesi mno. Joka linanyoosha kiganja, mtoto anapanda, wanaruka, miaka sita inapita. Nasi tuna methali juu ya jambo lilelile: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Isome taratibu. Haisemi kwamba zimwi halili. Inasema kwamba likikujua litakubakiza, na kuhusu kiasi cha kitakachobaki methali inakaa kimya. Filamu imeichukua ile nusu ya kujuana na kuitupa nusu ya kula. Ndiyo maana joka lake halitishi hata kidogo, na ndiyo maana katikati lazima aletwe adui, Gavin, na bunduki yake ili tupate wa kumwogopa. Sehemu hiyo ya kukamatwa na kufukuzana kwa magari ningeikata yote. Tumeiona katika filamu nyingine mia.

Lakini kasoro ninayoitaka iko chini zaidi, kwenye msingi. Ili urafiki huu usimame, filamu inakata kamba mbili. Ya kwanza ni ya mtoto: wazazi wamekufa, na hakuna shangazi, mjomba wala babu anayepiga hodi kumuulizia. (Mtoto wa namna hiyo huku kwetu, kabla ya jua kuzama angekuwa na watu watatu wanaogombana nani amchukue, na wawili wanaogombana nani asimchukue.) Kamba ya pili ni ya joka. Liko peke yake msitu mzima, halina mama wala jirani, na halisemi. Hata jina si lake: Elliot ni yule mbwa wa kitabuni. Pete amemvisha mnyama jina la mbwa aliyepotea, na mkono wa mchoraji ukafuata, maana Elliot anahema kama mbwa, anainamisha kichwa kama mbwa, anangoja kama mbwa. E.T. ya Steven Spielberg, ya mwaka 1982, ilijengwa hivyohivyo: mgeni aliyeachwa na wenzake akutane na mtoto ambaye baba yake ameondoka nyumbani. Ndugu wakirudi, urafiki umekwisha.

Kivu ina hadithi yake ya mtoto na joka, nayo imejengwa kinyume. Mwaka 1956, huko kwa Wanyanga wa Walikale, mtambaji Candi Rureke alisimulia habari za Mwindo kwa siku 12, akiimba, akicheza na kuigiza, vijana wakimpigia mwanzi mkavu kwa vijiti. Aliyeandika ni Daniel Biebuyck, mtafiti wa IRSAC, taasisi iliyokuwa na makao yake Lwiro, si mbali na hapa mjini. Yeye na Kahombo Mateene wakatoa kitabu mwaka 1969. Mwindo ana jina la sifa, Kabutwa-kenda, maana yake: kazaliwa, kaenda. Baba yake, chifu Shemwindo, hakutaka mtoto wa kiume. Alimzika, mtoto akatoka kaburini. Akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Huyo naye ametupwa kama Pete, ila ngoma inaelea moja kwa moja kuelekea kwa shangazi yake Iyangura, na baadaye wajomba zake wahunzi wanamfulia vazi la chuma. Kila anakoangukia kuna mtu wa ukoo.

Joka linakuja karibu na mwisho, Mwindo akiwa tayari mtawala. Linaitwa Kirimu, neno linalosikika jirani na mzimu wetu. Lina ngozi nyeusi, vichwa saba, pembe saba, macho saba, tumbo kubwa, mkia wa tai na meno ya mbwa. Niliposoma hapo nilicheka: Elliot amepewa moyo wa mbwa, Kirimu amepewa meno yake. Mwindo ametamani nyama ya nguruwe wa porini, anawatuma wawindaji, joka linawameza watatu na mmoja anaponea kuleta habari. Mwindo anakwenda na usinga wake na kuliua. Tumbo linapasuliwa, waliomezwa wanatoka hai. Mtengenezaji wa filamu za watoto angeishia hapo, akapandisha muziki.

Rureke haishii hapo. Nyama ya joka inawekwa motoni, harufu inapanda hadi mbinguni, na huko juu Nkuba, yaani Radi, anaitambua: ni rafiki yake anayeokwa. Radi huyuhuyu ndiye aliyemsaidia Mwindo katika vita dhidi ya baba yake. Sasa anashuka, anamchukua, na kumweka mbinguni mwaka mzima katika baridi, mvua na ukali wa jua. Anamrudisha duniani na amri ya kutoua wanyama.

Tazama mpangilio. Katika filamu kujuana kunatangulia na hatari inafuata. Kwa Rureke kuua kunatangulia, na kujua kunafika kumechelewa, kwa njia ya pua. Mwindo hakuwahi kuwa rafiki wa joka. Aliyekuwa rafiki ni mwingine, na huyo mwingine ana deni la kudai. Mnyama ambaye mtoto alimwona kama nyama tu alikuwa na mtu wake. Sioni namna kali zaidi ya kumwambia msikilizaji mdogo kwamba dunia ilikuwa na mahusiano yake kabla yeye hajazaliwa, hata kama alizaliwa akitembea.

Nimtendee haki Lowery. Mwishoni anamwachia Elliot aende zake, na tunamwona kaskazini kati ya majoka wenzake, wakiruka pamoja. Kwa hiyo ndugu walikuwepo. Ila wanaonyeshwa kwa mbali kama mandhari ya likizo, na hakuna hata mmoja wao anayeshuka kuuliza watu wa mji wa wakata miti katika filamu walimfunga mwenzao kwa minyororo kwa ruhusa ya nani. Filamu ni nzuri pale mtoto na joka wanapokaa bila neno, upepo ukipita kwenye yale manyoya. Kama hadithi ya urafiki, imebaki hadithi ya mtoto na mnyama wake.

Vijana wa hapa mnaoshika kamera au kalamu ya kuchora: siku mtakapomleta Mwindo kwenye skrini, naomba Kirimu msimpe manyoya. Abaki na meno yake. Na akishauawa, msipige muziki wa ushindi. Tuonyesheni moshi ukipanda juu ya miti, kimya kabisa, halafu ngurumo moja mbali, kama zile zinazotoka upande wa ziwa kabla ya mvua.