Singeli na Pumzi ya Msemaji

Wapenzi wa singeli wameanza kuulizana iwapo muziki huo umefika ukomo wake. Wapo wasemao kwamba umefifia kwa sababu umetulizwa: ulipoingia redioni na katika kampuni kubwa za muziki ulisafishwa, ukafupishwa, ukapewa kiitikio cha kupendeza. Wapo pia wasemao kinyume, kwamba kasi imezidi mno, hata pa kwenda hapajabaki. Mimi si mpiga ala. Ni mtu wa mashairi, niliyejifunza vina na mizani kwa kusikiliza wakubwa na kusoma vitabu vya kuazima, basi sikio langu hulitafuta neno kabla ya ngoma. Kwa sikio hilo, naona kundi la kwanza limekaribia ukweli kwa sababu isiyo yake, na la pili linapima kisichopimika kwa saa.

Msomaji wa visiwani asiudhani huu kuwa muziki wa mbali naye. Singeli ilizaliwa uswahilini Dar es Salaam, katika mitaa kama Manzese, Tandale na Mburahati, mnamo miaka ya 2000. Nyuma yake ulikuwapo mchiriku, uliopigwa na vijana kwa vinanda vidogo vya Casio pamoja na ngoma zenye asili ya Uzaramo. Bendi ya Jagwa Music ilikwisha kuwapo katika miaka ya 1990. Lakini singeli ina mzazi mwengine, naye ni taarabu. Katika vigodoro, yaani sherehe za mtaani za usiku kucha, DJ alikitwaa kipande cha ala cha taarabu ya kisasa, pale ambapo mwimbaji hunyamaza, akakizungusha na kukiharakisha, na mchanaji akashika kipaza sauti. Pengo ambalo taarabu ililiacha wazi kwa ajili ya kinanda, vijana wale walilijaza maneno.

Na maneno yenyewe yalikuwa ya nani? Yalikuwa ya papo hapo, kwa watu waliosimama hapo. Mwenye nyumba adaiye kodi, jirani aliyeazima asirudishe, bibi harusi na mashoga zake, wote waliweza kutajwa na kujibiwa kwa kelele. Vigodoro vimewahi kupigwa marufuku, na lawama kubwa ilikuwa matusi. Sina haja ya kuyatetea matusi, ila nakumbusha tu kwamba rusha roho nayo ililaumiwa hivyo hivyo katika zama zake, na baadhi ya waliolaumu leo wanaililia. Kijembe hakina maana pasipo mlengwa, na mlengwa wa singeli alikuwapo, akicheza.

Tangu hapo umesafiri sana. Redio EFM ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2014, iliupa nafasi ambayo wengine waliunyima. Mwaka 2016 Man Fongo akavuma nchi nzima kwa “Hainaga Ushemeji”. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa “Sounds of Sisso”, kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, na baada ya muda mfupi watengenezaji midundo wa Dar es Salaam wakawa wanapiga katika matamasha ya Ulaya. Mwaka 2023 D Voice, kijana wa singeli, akasajiliwa na WCB ya Diamond Platnumz. Kwa hesabu ya biashara, haya si maisha ya mgonjwa. Lakini tazama kilichotokea kwa neno. Msikilizaji wa Ulaya ameupenda mdundo wa mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, na sauti ya mchanaji kwake ni ala nyingine tu. Nyumbani nako nyimbo nyingi za redioni zimegeuka kuwa maagizo: inama, inuka, zunguka. Anayeagizwa ni mtu yeyote, kwa hiyo si mtu.

Nimelifikiri sana jambo hili mbali na pwani, katika wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, ambako nimekwenda mara kadhaa kutafsiri nyimbo za ritungu kwa msaada wa wazee wanaozijua. Ritungu ni zeze kubwa la Wakurya, lenye nyuzi nane na sauti nzito inayotoka chini kama ng'ombe anayeguna. Mwimbaji wake hutaja watu. Humsifu mwenye sherehe, huita ukoo wake, Wanchari au Watimbaru au Wairege, na aliyetajwa hujua kwamba sasa ni zamu yake kusimama na kutoa chochote. Kwa maneno mengine, kazi aliyokuwa akiifanya mchanaji wa kigodoro, mpiga ritungu anaifanya kwa mwendo wa polepole.

Na singeli imefika huko. Utaisikia Sirari mpakani, utaisikia Mugumu kwenye spika za maduka ya simu na kwenye pikipiki za bodaboda, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Manzese. Vijana wanaicheza vizuri, kwa mabega zaidi kuliko kwa kiuno, jambo lililonifurahisha. Lakini nilipowauliza mchanaji amesema nini, aghalabu walinijibu kwa kucheka. Misemo ya Dar es Salaam huwafika nusu nusu. Mtu aweza kusema hiyo ndiyo dalili ya nguvu, muziki kupendwa hata usipoeleweka. Ni nguvu, nakubali, ila ni ya spika.

Katika harusi moja nje kidogo ya mji wa Tarime, mshereheshaji alijaribu jambo ambalo sijalisikia popote tena. DJ alikuwa amepandisha singeli, naye akaanza kuita koo na majina ya sifa kwa Kikurya juu ya mdundo ule. Akashindwa katika mstari wa tatu. Si kwamba hakuwa hodari. Kiswahili kina silabi fupi, wazi, na mkazo unaokaa karibu na mwisho wa neno, basi hukimbia bila kujikwaa. Kikurya kina irabu za kuvutwa, na kuivuta au kutoivuta irabu huweza kubadili maana. Kwa kasi ile irabu zilikatwa, na sifa zikawa kelele. Alimgeukia DJ akampa ishara kwa mkono, chini, chini. Mdundo ukapunguzwa karibu nusu. Vijana wakaguna, wakidhani mtambo umeharibika. Akaanza upya, na mara mzee mmoja aliyekuwa amekaa na fimbo yake akanyanyuka, kwa kuwa ametajwa.

Je, ile ilikuwa bado singeli? Wenye kushika saa watasema hapana. Mimi nasema ilikuwa singeli kuliko nyingi zinazopigwa redioni sasa, maana mdundo ulimpisha msemaji. Lawama yangu, basi, naielekeza kwa watengenezaji midundo na si kwa wachanaji. Wao wameifanya kasi kuwa sharti badala ya chombo, na mtindo ulioanza kwa kujaza pengo umefika mahali hauachi pengo lolote. Kuchoka kunakosemwa ninakusikia katika nyimbo ambazo mchanaji wake hana nafasi ya kuvuta pumzi, na kwa sababu hiyo hana nafasi ya kumtazama mtu.

Kazi ya ritungu niliyokwenda kuifanya bado haijakamilika. Lakini sasa, kila nipatapo nyimbo mbili za ritungu, huomba na moja ya singeli kutoka simu ya kijana, nikazipima mizani pamoja. Mshereheshaji yule ameniambia anatafuta mtu wa kumtengenezea mdundo wa mapigo 120, na kwamba wote aliowaendea mpaka sasa wamemwambia huo ni wa wazee.