Siri ya Pa'rus iko nje ya Pa'rus

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Zion, kusini mwa jimbo la Utah nchini Marekani, kuna njia ya lami inayoanzia kwenye kituo cha wageni na kufuata Mto Virgin hadi mahali panapoitwa Canyon Junction. Inaitwa Pa'rus, jina la Wapaiute wa Kusini lenye maana ya maji yanayobubujika. Ilijengwa miaka ya 1990, ina urefu wa kilomita 2.8, na katika korongo zima hakuna njia nyingine ya miguu inayoruhusu baiskeli. Wanaoisifu huitaja lami yake laini na mandhari yake: kuta za mawe ya mchanga zenye rangi ya kutu, kilele cha Watchman nyuma, mto ubavuni. Hayo yote ni kweli, ila hayatoshi kueleza kwa nini njia fupi hivyo imekuwa na manufaa makubwa hivyo. Hoja yangu ni kwamba Pa'rus imefaulu kwa sababu ya barabara inayoanza pale yenyewe inapoishia.

Wepesi wake una hesabu yake. Kutoka mwanzo hadi mwisho njia inapanda mita 15 hivi, yaani kama nusu mita kwa kila mita mia. Katika mwinuko huo mwendeshaji hana haja ya kuhangaika na gia. Mtoto anayejifunza anaumudu, na mtu wa kiti cha magurudumu pia. Wajenzi waliupata kwa kuishikilia tambarare ya mto, na mto ulipojipinda wakavuka kwa madaraja badala ya kuisukuma njia ipande kwenye miteremko ya pembeni. Katika korongo ambalo kuta zake zinafika mita 600, hiyo ni kazi iliyofikiriwa. Hata hivyo, kilomita 2.8 kwa baiskeli ni mwendo wa robo saa au pungufu. Kama mbele yake kungekuwa na foleni ya magari, mwendeshaji angefika Canyon Junction, angegeuza, na safari ingekuwa imekwisha.

Foleni hiyo ilikuwepo. Mwaka 1997 hifadhi ilipokea wageni milioni 2.4, na siku za msongamano magari yaliyokaribia 5,000 yalikuwa yakigombania nafasi za kuegesha zisizofika 500 kwenye barabara ya ndani ya korongo. Barabara hiyo haikuwa na pa kupanukia, maana upande mmoja ni mto na upande wa pili ni mwamba. Mwaka 2000 uongozi ulianzisha mabasi ya bure na kuzuia magari binafsi katika miezi ya wageni wengi, isipokuwa machache yenye kibali. Mara moja zikapatikana kilomita kama 10 za lami tulivu, kuanzia Canyon Junction hadi Temple of Sinawava, ambako kuta zinabanana na barabara inakoma. Pa'rus, iliyokwisha kuwepo, ikageuka mlango wa kuingilia huko. Kilomita 2.8 zikawa karibu 13, bila kumwaga lami mpya hata mita moja.

Jinsi mabasi na baiskeli zinavyoishi pamoja ndani ya barabara hiyo ni jambo linalostahili kutazamwa kwa karibu. Dereva wa basi hampiti mwendesha baiskeli aliye kwenye mwendo. Anayeendesha akisikia basi nyuma yake, husogea pembeni, husimama kabisa na kuweka mguu chini. Hapo ndipo basi hupita. Kila basi lina kibebeo cha baiskeli mbele, kwa hiyo aliyechoka au aliyezidiwa na jua anaipakia na kurudi ameketi. Sheria moja ya mguu chini na chuma kilichofungwa kwenye pua ya basi vimefanya kazi ambayo mahali pengine ingedai barabara ya pili.

Anayedhani lami peke yake ingetosha alitazame handaki la mlimani upande wa mashariki wa hifadhi hiyo hiyo. Handaki la Zion–Mount Carmel, lililofunguliwa mwaka 1930, lina urefu wa kilomita 1.8 na lina lami tangu zamani, lakini kuendesha baiskeli humo ni marufuku, kwa kuwa ni jembamba, lina giza na magari yanapita. Tofauti kubwa na barabara ya korongoni ni magari. Ushahidi mwingine huja na baridi: mabasi yanaposimama, magari binafsi huruhusiwa tena korongoni, na Pa'rus ile ile huishia kwenye barabara ya aina nyingine.

Wapo wanaopinga kuweka lami ndani ya hifadhi, na hoja yao ina uzito. Jibu langu ni kwamba udongo wa jangwani ni mwepesi kuumia, na mahali panapopitwa na watu wengi, ukanda mmoja mgumu huikusanya miguu yote sehemu moja kuliko vijia kumi vinavyotanuka kila msimu. Hofu iliyo kubwa zaidi kwangu ni ya mto. Miaka ya 1930 vijana wa kikosi cha kazi cha CCC walijenga kingo za mawe kuuzuia Mto Virgin usihamehame, na matokeo yake mbegu za miti ya jamii ya popla zikakosa mchanga mpya wa mafuriko wa kuchipulia. Miti mingi iliyosimama huko leo ni mizee. Njia iliyopo kwenye tambarare ya mto inaweza siku moja kutumika kama kisingizio cha kuufunga mto zaidi. Ni afadhali kipande cha lami kichukuliwe na mafuriko, kikajengwe upya kando kidogo.

Pingamizi la pili ni kwamba “rahisi” ni neno la kumpotosha mgeni. Hapo nakubali. Njia iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, sehemu kubwa haina kivuli, na mwezi Julai joto hupita nyuzi 38 mara kwa mara. Mwinuko mdogo haupunguzi jua. Isitoshe, kwenye lami hiyo hiyo kuna watembea kwa miguu, watoto na mbwa waliofungwa kamba, na sasa baiskeli za umeme za daraja la kwanza nazo zinaruhusiwa. Kwa hiyo anayekwenda kasi huko anaharibu ule wepesi uliowaleta wenzake.

Nimeona miji na hifadhi zikitangaza njia mpya za baiskeli kwa kutaja urefu wake tu. Wahandisi wanaotaka kuiga Pa'rus nawaomba waseme kwanza njia yao inamfikisha mwendeshaji kwenye barabara gani, na magari yaliyomo humo yatahamia wapi.