Kitenzi "Kuchukia" katika Luka 14:26: Tatizo la Tafsiri na Ufafanuzi

Ni aya chache za Injili zinazomtatiza msomaji wa Kiswahili kama Luka 14:26, ambapo Yesu anamtaka amfuataye awachukie baba na mama, mke na watoto, hata nafsi yake mwenyewe. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 haikukwepa ugumu huo. Ilitumia "kuchukia", sawa na kitenzi cha Kigiriki "misein".

Nilipata kumfundisha kijana aliyeacha kumsaidia mamaye baada ya kuokoka. Alipoulizwa sababu, alifungua Biblia akaweka kidole juu ya neno lenyewe. Kisarufi hakukosea, na hapo ndipo tatizo lilipo.

Wafafanuzi wengi hukimbilia Kiebrania, na wana haki. Katika Mwanzo 29:30-31 tunaambiwa kwamba Yakobo alimpenda Raheli kuliko Lea; mara, katika aya ya pili, matini ya Kiebrania inamwita Lea mwenye kuchukiwa. Kuchukiwa huku, basi, ni kuwekwa nyuma wakati wa kuchagua. Mathayo 10:37 inaunga mkono maana hiyo, kwani inazungumzia kupenda zaidi. Kutokana na hayo wako wanaopendekeza Luka naye afasiriwe kwa "kuliko".

Pendekezo hilo silikubali. "Kuliko" yetu ni nyepesi mno: mtu hupenda chai kuliko kahawa, na kahawa isipatwe na hasara yoyote. Luka ameitanguliza kauli hii mbele ya mifano miwili, wa mjenzi wa mnara na wa mfalme aendaye vitani, ambao wote hukaa kwanza wakapiga hesabu ya gharama. Kitenzi kikilainishwa, gharama yenyewe inatoweka. Mfasiri na akiache kama kilivyo. Kazi iliyobaki ni ya mfafanuzi.

Naye mfafanuzi ana mipaka. Luka huyu huyu, katika 18:20, anamwonyesha Yesu akiitaja amri ya kuwaheshimu wazazi. Na katika Marko 7:9-13 wanakemewa wale wanaoifanya sadaka kuwa kisingizio cha kuwanyima wazazi wao msaada. Zaidi ya hayo, kitenzi ni kimoja tu kwa wote waliotajwa, nafsi ya mfuasi ikiwamo. Kijana wetu alikuwa amekwisha kumnyima mamaye; nafsi yake mwenyewe alikuwa hajainyima kitu.