Wingu Lilipopita Kolo: Fani, Maudhui na Nuru

Sisi tuliokulia Morogoro tumezoea kunyimwa mlima. Unaamka unakuta Uluguru haupo, kilele cha Lupanga kimemezwa na ukungu. Saa nne uko palepale, kana kwamba hakuna kilichotokea. Bibi yangu kule Matombo hakuuliza kama mlima unaonekana. Aliuliza kama "umefunguka". Neno hilo nililipuuza hadi nilipofika Kolo.

Nilikwenda Kolo, wilayani Kondoa, kuhakiki michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, ilinifikisha upesi. Kisha mabasi, halafu kupanda kwa miguu na kiongozi. Mkobani nilikuwa na nakala za michoro aliyoinakili Mary Leakey miaka ya 1950 na kuitoa kitabuni mwaka 1983. Kusema kweli, ndugu msomaji, nusu ya uhakiki nilikuwa nimekwisha kuiandika. Fani: mistari myembamba, rangi nyekundu, watu warefu. Maudhui: uwindaji, ngoma, imani. Ilibaki kwenda kuthibitisha tu.

Basi nikafika mwambani saa saba mchana, sikuona kitu. Madoa tu, kama ukuta wa jiko la kuni. Nikatoa chupa ya maji nimwagie jiwe, maana nilisikia kuwa rangi hukolea ikilowa. Kiongozi akanidaka mkono.

"Acha, mwanangu. Wenzako wamemwaga hivyo hivyo, ndiyo maana inafifia. Kaa."

"Sawa, mzee."

Nikakaa, aibu imenijaa. Mhakiki mzima, nilitaka kuiharibu kazi ili inisomekee haraka!

Wingu likaja. Mng'ao ulipopungua juu ya jiwe, na macho yangu yalipokwisha kuzoea kivuli, wekundu ukatoka kidogo kidogo: mguu, mgongo wa mnyama, halafu watu wale mashuhuri, yule wa kati akiwa ameshikwa na wenzake pande zote mbili. Leakey aliona hapo mtu anatekwa. Baadaye David Lewis-Williams, akiilinganisha michoro hii na simbo, ngoma ya Wasandawe ya kupandisha, aliona mtu anasaidiwa na wenzake. Darasani hoja hizi tumezibishania sana, lakini tulibishana juu ya nakala, ambako kila mstari umekatwa kwa wino. Pale mwambani mimi sikuweza kuapa mkono wa nani unaanzia wapi. Kushika na kukamata vilikuwa kitu kimoja, na wingu lilipoondoka vyote viwili vikapotea.

Sisemi nakala ni uongo. Bila Leakey mengi yaliyofifia tusingeyajua kamwe, na hilo ni deni letu kwake. Ninachodai ni kwamba nakala imeshaamua kwa niaba yetu, nasi tukauita uamuzi huo "fani". Huko Colomé, milimani Argentina, tangu mwaka 2009 kuna makumbusho ya kazi za Mmarekani James Turrell, ambako nuru yenyewe ndiyo sanaa. Msanii ameijengea vyumba. Kolo hakuna aliyeijengea nuru chumba. Waliochora walichagua jiwe lililoinama, na sidhani walichagua kwa kukwepa mvua tu. Wenyeji nao bado hufanya matambiko katika baadhi ya miamba hii. Kwao hapa si ghala la picha, na hawaji kwa saa za ofisi.

Tulipokuwa tunashuka nikamwuliza kiongozi kama asubuhi ningeona vizuri zaidi.

"Ungeona vingine," alisema, akaendelea kushuka.

Nusu ile ya uhakiki nimeitupa. Nimebaki na aya moja kuhusu ile mikono, nayo inaishia kwenye alama ya kuuliza.