Waraka wa Jemadari

Vita husifiwa kwa bunduki na mishale, na wenye kusifu hivyo hawakukosea. Lakini sisi wakazi wa Nambambo, ambao wilaya yetu ya Nachingwea ilikuwa kwa miaka kumi makao ya wapigania uhuru wa Msumbiji, tuna sababu ya kuisifu kazi nyingine ya vita, ifanywayo kwa kalamu, nayo ni waraka ambao mkubwa wa askari humwandikia mkubwa mwenziwe aliye mbali, asiyeuona uso wake wala kuisikia sauti yake, naye hana budi kutenda kwa maneno yale, na watu wakafa au wakaokoka kwayo.

Ufundi huu una asili ya kale katika pwani yetu. Barua ya Kiswahili ilikuwa na adabu yake: kwanza alitajwa mwandikiwa kwa jina na nasaba na heshima yake, jenabi na muhibu, zikafuata dua na kujuliana hali, ndipo likaja neno «ama baadu», na likiisha kuja neno hilo mwandishi hakuwa tena na ruhusa ya kuzungukazunguka. Wako wanaoziona salamu zile kuwa upotevu wa wino. Mimi nasema zilikuwa nusu ya kazi, kwa kuwa mwandikiwa alijua kwa hizo, kabla ya kulifikia jambo lenyewe, kama anaandikiwa na ndugu, na mtumwa au na mtu aliye sawa naye.

Mwaka 1890 Machemba, sultani wa Wayao katika nyanda za Makonde, alimjibu kwa Kiswahili Hermann von Wissmann, mkuu wa majeshi ya Wadachi, aliyemtaka aje kumtii. Alimwambia kuwa ameyasikia maneno yake wala haoni sababu ya kumtii. Kama ni urafiki, yu tayari leo na siku zote. Kuwa raia wake, hapana. Na kama Mdachi anazo nguvu, na aje amtwae. Hamna tusi katika jawabu lile, wala kelele, na mlango wa urafiki umeachwa wazi kwa insafu. Ilipita miaka tisa ndipo Wadachi wakaweza kumtoa, naye akavuka kwenda Msumbiji.

Hata hivyo, nikiulizwa ni waraka upi uliozidi kwa ufundi, nitautaja ule uliotoka Ungoni mwaka 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, ukapelekwa kwa Mataka, sultani wa Wayao ng'ambo ya Ruvuma. Kukataa amri ya adui kwataka moyo. Kumwomba msaada mtu mliyegombana naye zamani kwataka moyo na akili pamoja. Tazama mpango wake: kwanza yatajwa amri ya Mungu kwamba Wazungu waondoke katika nchi, ili Mataka ajue kuwa haitwi na Mngoni peke yake, kisha haja yenyewe, nayo ina hesabu, watu mia wenye bunduki, kisha mahali, boma la Songea, kisha ahadi, kwamba likiisha kutwaliwa watakwenda pamoja kuyapiga maboma ya Nyasa, na ule ugomvi wa kale, wausahau. Pamoja na waraka ilikwenda chupa ya dawa iliyotoka kwa Kinjala, kiongozi wa vita, ili mkono ushike kile ambacho jicho limekisoma. Februari 1906 wakuu wa Wangoni walinyongwa Songea, na mpango ule haukutimia. Lakini ubora wa waraka haupimwi kwa bahati ya vita.

Nachingwea ilipata sehemu yake mwaka 1965, FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, ilipopewa kambi katika shamba moja la mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 ukafa 1951, shamba ambalo watu wameendelea kuliita kwa nambari yake, Farm 17. Samora Machel, aliyeiongoza kambi ile, alikuwa muuguzi kabla ya kuwa askari. Na jemadari aandikaye kutoka msituni kwamba risasi zinatosha, ilhali hazitoshi, ni sawa na muuguzi aandikaye homa pungufu kwa kumwonea haya mganga. Jeshi lile lilikusanya Wamakonde, Wamakua, Wanyanja na watu wa kusini kabisa, Kireno kikiwa lugha ya kazi na Kiswahili kikijulikana kwa wengi wa kaskazini, hata amri iliyoandikwa kwa majivuno ya fasaha ingeweza kupotea kabla haijafika Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Hapo wepesi wa maneno ulikuwa faradhi.

Ufundi huu wote umesimama juu ya amana, na adui alilijua hilo. Tarehe 3 Februari 1969, mjini Dar es Salaam, Dkt. Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, alifungua furushi lililokuja pamoja na barua zake. Ndani mlikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu bomu. Katika mauaji yote ya vita vile, hayo ndiyo yanayonichukiza zaidi, maana waliomwua walitumia ile ada ya mtu mwungwana ya kukifungua alichoandikiwa. Wenzake hawakuacha kuandikiana, na Septemba 7, 1974, mkono wa Machel ulitia sahihi Mkataba wa Lusaka mbele ya Wareno.

Watoto wetu wa Nachingwea hufundishwa shuleni barua rasmi, mahali pa anwani na mahali pa tarehe. Ningependa, siku wafundishwapo hayo, wasomewe jawabu la Machemba na waraka uliokwenda kwa Mataka, kisha waandike wenyewe barua ya kumwomba jambo zito mtu waliyegombana naye.