Ukakasi Unaotafuta Mafuta

Madiran ni eneo dogo la mizabibu kusini-magharibi mwa Ufaransa, karibu na milima ya Pyrenees, na mvinyo wake mwekundu hutoka hasa katika zabibu iitwayo Tannat. Mgeni akipiga funda la mvinyo huo ukiwa bado mpya, bila chakula, huenda asitamani la pili: ulimi humkauka na ufizi humbana. Aliyewahi kula bibo anaujua ukakasi huo, na chanzo chake ni kilekile, yaani tanini, ambayo katika zabibu hukaa kwenye maganda na kokwa. Hata hivyo watu wa Madiran hawakuing'oa Tannat wakapanda zabibu laini zaidi. Kwangu mimi, sababu iko jikoni mwao. Katika eneo hilo hufugwa bata na bata bukini, ambao nyama yao hutiwa chumvi, ikapikwa polepole ndani ya mafuta yake yenyewe na kuhifadhiwa humohumo. Mtu akila paja la bata huyo ndipo anywe, ukakasi hulegea, na harufu ya matunda meusi yaliyoiva, ambayo mwanzoni ilikuwa imefunikwa, hujitokeza. Ndiyo maana nashikilia kwamba ufundi wa kuonja mvinyo hujulikana mezani, penye chakula. Aliyeonja mvinyo kama huu peke yake ameonja nusu.

Wapo wanaosema ufundi huu ni majivuno matupu, na hawasemi bila ushahidi. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, akiwemo Frédéric Brochet, walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo. Mvinyo mweupe ulitiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, na wanafunzi wakaueleza kwa maneno yanayotumika kwa mvinyo mwekundu. Jaribio hilo ni zito, wala mpenzi wa ufundi huu asilikwepe. Lakini lilipima nini? Lilipima harufu, likaonyesha jinsi jicho linavyoitawala pua. Waonjaji makini wanaijua hatari hiyo, ndiyo maana huficha chupa. Mwaka 1976 jijini Paris, katika shindano lililoandaliwa na Mwingereza Steven Spurrier, waamuzi Wafaransa walionja bila kuona majina, wakaupa nafasi ya kwanza mvinyo mwekundu wa California mbele ya ile mashuhuri ya Bordeaux. Mwenye majivuno tu hawezi kutoa hukumu inayoiumiza nchi yake namna hiyo.

Tena ukakasi si harufu, ni mguso. Tanini hunasa protini zilizomo katika mate, na mate yakipoteza utelezi wake, mdomo hukwaruza. Nyama huleta protini nyingine na mafuta, tanini ikapata cha kushika kabla ya kuyamaliza mate. Chumvi nayo hupunguza uchungu. Kazi hiyo hufanyika mdomoni mwa yeyote, awe anayajua majina ya matunda yote au hajui hata moja. Bei ya chupa haiingii hapo, wala ukoo wa mwenye shamba.

Pingamizi jingine ni kwamba kanuni ya mwekundu kwa nyama na mweupe kwa samaki ni mazoea tu. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo katika mvinyo ndiyo huamsha shombo unaponywewa pamoja na vyakula vya baharini. Kumbe kanuni ina msingi, na msingi huohuo unaonyesha mpaka wake, kwa kuwa mvinyo mwekundu wenye chuma kidogo hauna kosa hilo. Fundi halisi huijaribu kanuni kabla ya kuifuata. Nawe unayekunywa mvinyo, usiihukumu chupa kwa funda la kwanza: onja, kula kipande cha nyama yenye mafuta, onja tena, kisha toa hukumu yako.