Kuondoka Nchelenge Mvua Ikinyesha

Kila mwaka uvuvi katika Ziwa Mweru, upande wa Zambia, hufungwa tarehe 1 Desemba na kufunguliwa tarehe 1 Machi, ili samaki wapate nafasi ya kuzaana. Ni sheria njema. Ila mvua za mkoa wa Luapula huanza Novemba na haziishi mpaka Aprili, kwa hiyo shehena za kwanza za msimu hutoka miji ya ziwani ya Nchelenge na Kashikishi mbingu zikiwa bado nzito. Madereva wa malori walioko Minnesota na Kanada, baadhi yao wenzetu waliotoka Afrika Mashariki, huanza safari zao za Januari katika dhoruba ya theluji, barabara imefutika na taa za mbele zinarudishiwa weupe mtupu. Huku Mweru hakuna theluji. Kuna mvua ya upepo inayokuja ikivuka ziwa, na ikifika nchi kavu dereva haoni hata pua ya gari lake. Nataka kumsifu dereva huyo, kwa sababu ufundi wake hulisha watu wengi na kusifiwa na wachache.

Kwanza kabisa, ufundi wenyewe huanza gari likiwa limesimama. Dereva mzuri huzunguka lori lake kama tabibu anayempapasa mgonjwa. Anagonga tairi moja baada ya jingine, anaangalia kama kuna lenye kipara, anafuta taa kwa kitambaa, anajaribu waipa. Utingo yuko juu anavuta kamba za turubai, maana chisense, wale dagaa wadogo wanaoanikwa juani, wakilowa tu wanaanza kuoza, na mtaji wa mama mmoja unaishia hapo. Jeki ipo? Sepeto lipo? Mnyororo wa kufunga kwenye tairi za nyuma upo? Dereva anayeuliza maswali haya baada ya kukwama hajauliza kitu.

Kisha linakuja jambo ambalo mimi naliona kuu kuliko yote: kujua saa ya kuondoka. Wachuuzi wamekaa juu ya mizigo, wengine wamevuka kutoka Kilwa ya Kongo na Kiswahili chao cha Katanga, wana haraka na wana haki ya kuwa nayo. “Papa, twende, samaki wataoza.” Yeye anatazama ziwa. Anasikiliza upepo. “Mama, tungoje kidogo.” Hakuna mita wala kipimo kinachomwambia kwamba wingu hili litapita upesi na lile litakaa mpaka usiku. Ameyajua hayo kwa miaka ya kutazama, na neno lake moja, bado, lina thamani kuliko nguvu zote za injini. Wakati mwingine huondoka mvua ikiwa imeshika kabisa, kwa sababu ameona kwamba kusubiri kutamkutanisha na giza, na giza na maji pamoja ni vibaya zaidi ya maji peke yake.

Vigumu kuliko vyote ni vile vinjia vya udongo vinavyotoka kwenye kambi za wavuvi kupanda barabara kuu. Hapo ndipo wengi hukwama, kabla safari haijaitwa safari. Udongo ukilowa huteleza juu na kushika chini. Asiyejua hukanyaga mafuta. Tairi zinazunguka, zinajichimbia shimo, na gari linakaa juu ya ekseli. Anayejua huchagua gia ndogo tangu chini ya mlima na habadilishi katikati. Mguu wake unakandamiza mafuta taratibu, sawasawa, bila kushtua. Usukani anaushika kwa mkono mwepesi, anaacha gari litafute njia yake kidogo huku na huku, kwa sababu ukilibishia ghafla linatupwa pembeni. Likianza kuserereka hagusi breki. Anaondoa mguu kwenye mafuta na kuelekeza tairi za mbele kule anakotaka kwenda. Ukimpeleka dereva huyu kwenye barafu ya Minneapolis atahitaji koti zito na tairi za baridi, lakini mguu na mkono anao tayari. Kule nako kanuni ni ileile: usifanye lolote kwa ghafla.

Akifika kwenye maji yanayokatiza njia, anasimama. Utingo anashuka na fimbo, anavuka kwa miguu akipima kina na kutafuta kama chini kuna mwamba au kuna shimo. Maji ya sentimita 60 yanayokwenda kasi yanaweza kubeba gari la kawaida, na maji ya rangi ya chai hayamwonyeshi mtu chini yake. Nimewaona watu wakicheka kuona lori kubwa likimngoja kijana mwenye fimbo. Mimi nauona ujasiri wote hapo.

Lami nayo ina hatari yake. Kutoka Nchelenge hadi Mansa ni zaidi ya kilomita 200, ukipita Mbereshi, Mwansabombwe kwa chifu Mwata Kazembe, na Mwense, Mto Luapula ukiwa upande wa magharibi. Baiskeli ni nyingi, mbuzi ni wengi, na shimo lililojaa maji linafanana na kidimbwi kisicho na madhara. Mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa kusimama kwa breki unaongezeka mara nne; juu ya lami iliyolowa hesabu hiyo huwa kali zaidi. Dereva wangu hajaisoma darasani, lakini ameiweka kwenye nafasi anayoiacha kati yake na gari la mbele.

Nchi hii ilishawazuia wasafiri wakubwa. Mwaka 1868 mfanyabiashara Mohamed bin Saleh na David Livingstone, waliotoka kwa Kazembe wakielekea Ujiji, walikwama Kabwabwata kwa sababu mafuriko yalikuwa yamefunga njia. Katika miaka ya karibu zaidi, wanaokwenda Ukanda wa Shaba walipanga foleni ya kivuko pale Chembe, kisha wakakabili kilomita 70 hivi za ardhi ya Kongo mpaka Mokambo, na barabara hiyo ilipokuwa ya udongo masika yaliigeuza kuwa bahari ya matope. Daraja la Levy Mwanawasa, lenye urefu wa mita 320, lilifunguliwa mwaka 2008 na kumaliza habari ya kivuko. Nafurahi kwa kila daraja na kila kipande cha lami. Hata hivyo, daraja halikuondoa mvua, wala halikumfundisha mtu kukanyaga mafuta taratibu.

Huko Ukanda wa Shaba, Mufulira na Kitwe, samaki wa Mweru anapowekwa sokoni, watu humtaja mvuvi na kubishana bei na mchuuzi. Aliyemtoa samaki huyo ziwani wakati wa dhoruba hadi lami hatajwi. Basi wewe unayepanda lori au basi siku ya mvua, akikwambia tungoje, ngoja. Akienda polepole, usimsukume kwa maneno. Na mkifika, mshukuru yeye na utingo wake kabla hujashusha mzigo.